Wajibu wa Fundi kwa Jambo Asiloulizwa

Kazi za mikono zina tabia moja ambayo aghalabu haitajwi katika vitabu vya maadili. Sehemu kubwa ya wema wake, na sehemu kubwa ya ubaya wake, hutendeka mahali ambapo jicho la mwenye mali halifiki. Mshonaji aweza kuficha uzi mbovu ndani ya upindo wa vazi. Mwashi aweza kuficha udongo nyuma ya lipu. Na fundi wa magari aweza kufunika ndani ya injini jambo ambalo mwenye gari hatalijua mpaka siku litakapojitangaza lenyewe. Sheria huadhibu uovu ulioonekana, na sifa hufuata wema ulioonekana. Je, lisiloonekana lina hukumu gani? Na lile ambalo mtu hakuombwa kulitenda, wala hakulipwa kulitenda, wala hataulizwa juu yake, lina wajibu gani juu yake?

Swali hili laweza kujadiliwa kwa mifano mikubwa ya wafalme na majemedari. Hapa litajadiliwa kwa mfano mdogo wa sili ya oili, kipande cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mkono. Mfano mdogo una faida yake. Katika mambo makubwa mtu huongozwa na hofu ya watu na tamaa ya jina. Katika mambo madogo yaliyofichika hubaki na dhamiri yake peke yake. Kama wajibu upo hapo, basi upo kila mahali.

Mahali pa mfano huu ni Nanyala, kata ya wilaya ya Mbozi katika mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa mkoa wa Mbeya. Nanyala imekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Mbeya, ikashuka Tunduma na kuingia Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wachache wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na njia ya kusini iliyoipatia Zambia mafuta ikazibwa. Malori yakaanza kuchukua mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia njia ya udongo, iliyokuwa tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, hata ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Walakini barabara haikupumzika. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, na mpaka leo malori ya Zambia na ya Kongo hupita Nanyala usiku na mchana. Katikati ya majitu hayo hupita magari madogo: Toyota Hiace zinazopeleka abiria Mbeya, Mlowo, Vwawa na Tunduma, na pikapu zinazobeba kahawa na mahindi ya Mbozi. Kando ya barabara ya namna hii gereji si jambo la anasa. Ni sehemu ya riziki ya watu, na mara nyingine ni sehemu ya uhai wao.

Kabla ya kuhukumu jambo yafaa kulifahamu. Ndani ya injini kuna shafti mbili ambazo lazima zitembee kwa mapatano. Moja ni krenki, inayopokea nguvu ya pistoni; ya pili ni kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, wala haina ruhusa ya kuchelewa wala kutangulia. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungika mara 25 katika sekunde moja. Katika injini nyingi mapatano hayo hulindwa na mkanda wa mpira wenye meno, ambao mafundi huuita taimingi belti. Gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi lenye mkanda wa namna hiyo lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya minyororo na gia za chuma. Mkanda ni mwepesi, hauna kelele, nao hauhitaji oili. Na zaidi ya kutoihitaji, huiogopa. Oili ikiupata, mpira wake huvimba na kulegea, nyuzi zilizomo ndani huachana na mpira, na meno huanza kung'oka.

Hapo ndipo sili inapoingia. Krenki na kamshafti huogelea katika oili ndani ya injini, kisha ncha zake hutokeza nje ili zishike mapulii ya mkanda. Katika kila tundu la kutokea huwekwa sili: bangili ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoibusu shafti, na springi ndogo nyuma ya mdomo huo ili usiachie. Hapo zamani mdomo huo ulikuwa wa ngozi. Baadaye ukaja mpira uliotengenezwa viwandani usiodhuriwa na oili. Lakini hata mpira huo huzeeka. Joto huukausha, miaka huufanya mgumu, na mdomo uliokuwa laini kama ulimi huwa mkavu kama ukucha. Gari lililotumika miaka kumi Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam limekuja na sili zenye umri huo huo, hata kama mita yake yasoma kilomita chache. Kwa maana mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Mkanda una umri unaojulikana. Kwa injini nyingi watengenezaji hutaja kilomita 100,000, na baadhi ya Toyota za dizeli huwasha taa mbele ya dereva mkanda unapotimiza safari hiyo. Sili haina taa wala haina tarehe. Tena imejificha nyuma ya vifuniko, mapulii na mkanda wenyewe, hata mtu hawezi kuifikia mpaka avifungue hivyo vyote. Basi siku ya kubadilisha mkanda ndiyo siku ambayo sili huonekana. Kifuniko kikirudishwa haitaonekana tena mpaka kilomita nyingine 100,000 zipite, au mpaka balaa lije.

Sasa achukuliwe fundi wa Nanyala ambaye ameletewa Hiace ya dizeli kwa kazi ya mkanda. Mwenye gari ameomba mkanda, amelipia mkanda, naye amekaa juu ya benchi chini ya mti akisubiri. Fundi amefungua vifuniko, ametoa mkanda wa kale, ameitazama sili ya krenki. Haivuji. Hapana tone la oili chini yake. Lakini akiigusa kwa ncha ya kidole aona mdomo wake umekuwa mgumu. Afanye nini?

Yako majibu mawili yaliyo tayari, na kila moja lina wafuasi wengi. Jibu la kwanza ni kwamba kisichovuja kisiguswe. Jibu la pili ni kwamba mkanda ukitolewa, sili zote zibadilishwe bila mjadala. Majibu haya yanaonekana kuwa maadui, walakini ni ndugu wa baba mmoja, kwa kuwa kila moja humwondolea fundi taabu ya kufikiri. La kwanza humruhusu kufunika na kwenda. La pili humruhusu kubadilisha na kudai. Yafaa kila moja lipimwe kwa haki.

Wanaosema kisichovuja kisiguswe wana hoja isiyo ya kudharauliwa. Sili hutolewa kwa kudukuliwa, na bisibisi ya mkono mzito yaweza kuikwaruza shafti. Mkwaruzo mdogo juu ya shafti utamla mdomo wa sili mpya katika siku chache, na injini iliyokuwa kavu itaanza kutoka jasho la oili kwa sababu ya mkono uliotaka kuisaidia. Kadhalika sili mpya iliyopigwa nyundo ikakaa upande itavuja kuliko ile ya kale. Pana hekima katika kuacha. Mganga mwema hujulikana pia kwa dawa alizokataa kutoa.

Hoja hii, pamoja na uzuri wake, ina upungufu. Inaichukua hali ya leo kuwa ahadi ya kesho. Sili isiyovuja leo katika injini ya kale imeambiwa idumu kilomita nyingine 100,000, na hapana aliyeiuliza kama inaweza. Watu husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni kweli, lakini yahusu ufa uliokwisha kuonekana. Aliyeona ufa akauacha ana kosa lililo wazi, wala hahitaji mwanafalsafa kumhukumu. Jambo la sili ni gumu zaidi, kwa sababu ukuta bado haujapasuka. Ila fundi, kwa ujuzi wake, ausikia udongo ukikauka ndani. Methali yamwamuru mwenye macho. Swali lililopo ni la mwenye maarifa: je, kujua kwamba ufa utakuja kunamfunga mtu kama kuuona?

Jibu lapaswa kuwa ndiyo, kwa kiasi cha maarifa yenyewe. Ujuzi si pambo la kutundika ukutani. Mwenye gari hakumlipa fundi kwa ajili ya nguvu za mikono yake, kwa maana mikono yenye nguvu ipo mingi Nanyala. Alimlipa kwa kuwa fundi huona asichokiona yeye. Kama fundi ataona kisha akanyamaza, ameuza macho yake kisha akayafumba baada ya kupokea fedha.

Wanaosema sili zote zibadilishwe wana hoja ya hesabu. Gharama kubwa ya kazi hii ni kufungua na kufunga, nayo imekwisha kulipwa na mkanda. Bei ya sili ni ndogo ukiilinganisha na bei ya mkanda, na ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya injini. Sili ikivuja baada ya miezi sita, mwenye gari atalipa ufundi ule ule mara ya pili, na pengine atalipa mkanda wa pili pia, kwa kuwa ule wa kwanza umekwisha kulowa oili. Ikivuja bila kuonekana, mkanda utakatika. Katika injini za dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni nyembamba sana, na mkanda ukikatika pistoni huzigonga valvu zilizoachwa wazi, zikapinda au zikavunjika. Ziko injini za petroli ambazo huachiwa nafasi ya kutosha, zikazimika tu bila madhara. Lakini mwenye Hiace ya dizeli hana bahati hiyo.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hesabu sahihi yaweza kuwa mlango wa dhuluma. Neno "maadamu tumefungua" halina mwisho. Maadamu tumefungua, tubadilishe sili. Maadamu tumefika kwenye sili, tubadilishe beringi ya kukaza mkanda. Maadamu tumefika hapo, tubadilishe pampu ya maji. Kila hatua ina sababu, na mwisho wa hatua hizo mtu aliyekuja kwa mkanda hana nauli ya kurudi kwake. George Akerlof, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1970 juu ya biashara ya magari yaliyotumika, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba muuzaji akijua hali ya gari na mnunuzi asiijue, wanunuzi hupunguza bei kwa kuogopa ubovu, na wenye magari mazuri hujitoa sokoni kwa kuwa bei hiyo haiwafai. Gereji yaweza kuumwa ugonjwa huo huo. Wateja wakizoea kudanganywa humchukia hata anayesema kweli. Na fundi mkweli, akiona kweli yake hupokewa kama ulaghai, huanza kunyamaza. Hivyo kila fundi anayebadilisha sili isiyohitaji kubadilishwa hamwibii mteja wake peke yake. Huwaibia mafundi wenzake imani ya watu, ambayo ndiyo rasilimali yao kuu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wayeyushaji na wahunzi wa chuma kabla ya majembe ya viwandani kuenea. Aliyenunua jembe kwa mhunzi alilipima udongoni, na kabla ya msimu kwisha alijua kama alipata chuma au alipata aibu. Hukumu ilikuwa karibu, na mhunzi na mkulima walikuwa majirani. Injini imeitenga kazi na hukumu yake. Kosa lililofanyika Nanyala mwezi wa Machi laweza kulipwa Tunduma mwezi wa Novemba, na dereva akailaumu barabara, au mkanda, au majaliwa. Pale ambapo hukumu ya watu imekuwa mbali, hukumu ya nafsi lazima isogezwe karibu.

Kama majibu yote mawili yana upungufu, lipi libaki? Sheria ya waganga yaweza kutoa mwanga. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliamua shauri la Anna Mohr na daktari Williams. Mgonjwa alikubali kupasuliwa sikio la kulia. Alipokwisha kulazwa kwa dawa ya usingizi, daktari alitazama akaona sikio la kushoto lina ugonjwa mbaya zaidi, akalipasua hilo. Alilipasua kwa ustadi, tena kwa nia njema. Walakini mahakama ilisema amekosa, kwa kuwa mwili ni wa mgonjwa na idhini ilikuwa ya sikio jingine. Kwa mtazamo wa kwanza hukumu hiyo yawapa nguvu wanaosema "fanya ulichoombwa tu." Lakini ikitazamwa kwa makini yafundisha jambo la pili. Daktari yule alikuwa na udhuru mmoja ambao fundi hana: mgonjwa alikuwa amelala. Mwenye Hiace hakulala. Yupo juu ya benchi, hatua kumi kutoka kwenye injini, na kama hayupo ana simu. Hapana sababu ya kumwamulia mtu anayeweza kuulizwa, wala hapana sababu ya kumficha.

Basi wajibu wa fundi si kubadilisha sili, wala si kuiacha. Wajibu wake ni kutazama, kusema na kuonyesha. Amwite mwenye mali, ampe tochi, amwelekeze mahali pa kutazama, aseme maneno machache ya kweli. Mazungumzo yenyewe hayahitaji elimu ya juu:

"Mzee, mkanda nimeshautoa. Sili hii ya krenki haijavuja, ila mpira umeshakauka."

"Nikiiacha, fundi, itanifikisha?"

"Yaweza kufika mwaka, yaweza kufika mwezi. Siku yake siijui. Ninachojua ni kwamba ikivuja itaula mkanda huu mpya, nami nitafungua upya kwa fedha yako."

Katika maneno hayo hapana vitisho wala hapana kubembeleza. Fundi ametoa anachokijua, ametaja mpaka wa anachokijua, na uamuzi ameuacha mikononi mwa mwenye mali. Kukiri kwamba siku haijulikani ni sehemu ya ukweli, maana mlaghai hujulikana kwa uhakika wake. Tena sili ikibadilishwa, ile ya kale na ikabidhiwe kwa mwenye gari, aiguse na kuikunja kwa vidole vyake. Hivyo kazi iliyofichika inapata shahidi.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni maadili ya matajiri. Mwenye Hiace ana mkopo wa gari, ana ada ya shule, ana mgonjwa nyumbani. Fedha ya sili ndiyo unga wa kesho. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hasa haki ya kuchagua ni yake. Maskini hukosewa kwa njia mbili: kwa kutozwa asichohitaji, na kwa kunyimwa habari kwa madai ya kuhurumiwa. Anayesema "huyu hana fedha, sitamwambia" amejifanya mlezi wa mtu mzima. Mtu mwenye fedha kidogo anahitaji habari kamili kuliko mwenye fedha nyingi, kwa kuwa kosa moja laweza kumwangusha. Akiambiwa leo aweza kukopa, aweza kungoja siku mbili, au aweza kuiacha sili huku akijua kwamba lazima achungulie chini ya gari kila asubuhi. Asipoambiwa hana hata njia moja kati ya hizo.

Lakini yuko mtu wa tatu ambaye hayumo katika mazungumzo. Huyo ni abiria. Hiace haibebi mali ya mwenyewe tu. Hubeba mama anayekwenda sokoni Mlowo na mwanafunzi anayerudi Vwawa. Injini ikizimika ghafula katika mteremko wa barabara ile, nguvu ya kusaidia breki, inayotokana na pampu izungushwayo na injini, hubaki kwa mikanyago michache, kisha pedali huwa ngumu. Na usukani huwa mzito wakati huo huo. Nyuma huja lori lililojaa shehena ya Kongo. Abiria hakuulizwa juu ya sili. Hakuiona, wala hajui kama ipo.

Dunia imekwisha kuona mfano wa jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwa ndani yake wakafa. Sababu ilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi. Baridi ya asubuhi ile ilizifanya ngumu zisiweze kuziba kwa wakati. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi, Roger Boisjoly akiwa mmojawao, walipinga chombo kisirushwe katika baridi hiyo, na wakuu wao wakawashinda. Wahandisi hao walitimiza wajibu wa kusema. Wajibu uliovunjwa ni wa wale waliosikia. Kwa maana walikuwa wakiamua juu ya maisha ya wengine, nao wale saba hawakuambiwa. Toka hapo lapatikana fundisho la Nanyala. Haki ya mwenye mali kuchagua ni kamili pale tu madhara yanapomwangukia yeye. Yanapowaangukia wengine, chaguo lake lina mpaka, na sauti ya fundi yapaswa kupanda. Sili iliyokauka katika pikapu ya mkulima ni shauri. Sili inayovuja juu ya mkanda wa gari la abiria ni onyo. Na fundi aliyekatazwa kuiondoa ana haki ya kukataa kulifunga gari hilo kwa jina lake.

Bado kuna kikwazo kimoja ambacho wanafalsafa wa vitabuni hawangekifikiri. Sili mpya yaweza kuwa mbaya kuliko ya kale. Spea bandia zimo madukani zikiwa katika makasha mazuri yenye majina makubwa. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani iliyotokana na sheria ya mwaka 2003 hupambana na bidhaa hizo. Lakini jicho la serikali haliwezi kukaa katika kila kaunta. Fundi anayetoa sili halisi iliyokwisha kuchoka, akaweka bandia isiyostahimili joto, amefanya tendo lenye sura ya wema na matunda ya ubaya. Kwa hiyo kusema kweli juu ya sili ya kale hakutoshi. Lazima aseme kweli pia juu ya ile mpya, na mahali ilipotoka. Pengine uamuzi wa haki utakuwa kuiacha ya kale mpaka halisi ipatikane Mbeya, na kumwambia mwenye gari hivyo.

Mipaka ya "maadamu tumefungua" nayo yaweza kuwekwa. Kitu kisichoombwa kinastahili kutajwa kwa mwenye mali kikiwa na sifa tatu pamoja: kwamba hakitafikiwa tena baada ya kufunga, kwamba kuharibika kwake kutaiharibu kazi iliyofanyika, na kwamba gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya kurudi. Sili ina sifa zote tatu. Rangi ya bodi haina hata moja. Vitu vingine vimo katikati, na juu yake fundi atumie busara, kwa kuwa hapana kanuni iwezayo kuchukua nafasi ya busara.

Busara hiyo hufundishwaje? Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake vyaweza kumfundisha kijana namna ya kuikalisha sili bila kuipinda na kuupaka mdomo wake oili kabla ya kuiingiza. Lakini namna ya kumwita mwenye mali kabla ya kufunga kifuniko hufundishwa mahali pengine. Hufundishwa na yule fundi mkubwa, wakati kijana wake ameshika tochi na kutazama. Akiona mkubwa wake ameigusa sili, ameguna, kisha amefunika, amejifunza somo ambalo chuo hakitaweza kulifuta kwa urahisi. Akimwona ameweka spana chini na kwenda kwenye benchi, amejifunza somo jingine. Hivyo hata tendo lililofichika kwa mwenye gari halikufichika kabisa.

Hatimaye swali la mwanzo laweza kujibiwa. Kabla injini haijafunguliwa, fundi hana wajibu juu ya sili. Haijui hali yake, na kutokusema kwake si kosa. Baada ya kufunguliwa, hali yake imebadilika bila ya yeye kutaka. Ameona, na aliyeona hawezi kurudi katika hali ya asiyeona. Tangu hapo kunyamaza si kutokutenda. Ni tendo lenye mwenyewe, kama vile kukaza bolti ni tendo. Mwanachuoni anayeona kosa katika kitabu cha mwenzake kabla hakijachapwa, daktari anayeona kivuli kingine katika picha, karani anayeona tarakimu isiyopatana na zenzake katika hesabu za chama cha kahawa, wote wamesimama mahali pa fundi wa Nanyala, mbele ya kifuniko kilicho wazi kwa muda mfupi. Hawakuombwa kutengeneza dunia. Wamedaiwa jambo dogo zaidi, ambalo ni gumu zaidi: kusema walichokiona, kwa kipimo chake, kwa mwenye haki ya kukijua, kabla kifuniko hakijarudi mahali pake.